Kifo Kilicholala Nyumba ya Wageni

Olga alipoingia nyumbani kwao Kasongo, akitokea Ubelgiji baada ya miaka mingi, baba yake hakuinuka kumpokea. Mzee Hippolyte alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya ukuta wa sebule, ndevu zimemjaa hadi shingoni, amevaa shati lile lile alilovaa siku ya kumzika mkewe. Alimtazama binti yake, akatabasamu, kisha akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja asije akajisahau akampa mkono.

"Baba, simama basi unisalimie."

"Siwezi, mama. Bajomba yako hawajasikia bado."

"Hawajasikia namna gani? Mama amezikwa miezi sasa. Emile aliwapigia simu siku ile ile."

"Simu ni simu tu. Kifo hakijafika kwao."

Olga aliweka mkoba chini, na hasira ikampanda kabla hata hajavua koti la safari. Katika ukoo wa marehemu mama yake, Célestine, watu wa Kabambare, mwanamke akiolewa mbali akafia huko, kifo chake hupelekwa kwa kaka zake na mtoto wa kwanza wa tumbo lake, kwa mdomo wake mwenyewe. Wakishakipokea ndipo wanakuja kuondoa kilio. Kabla ya hapo mjane wa kiume hakai kitini, hanyoi, hashiki mkono wa mtu wala chombo chochote, haendi shambani. Emile, mdogo wake Olga, alikuwa wa pili kuzaliwa, kwa hiyo hakuwa na la kufanya. Nyumba nzima ilikuwa inamngoja Olga, naye Olga alikuwa anangoja likizo na tiketi.

"Mihogo inakwisha kuliwa na mbuzi ya batu," alisema Léocadie, mke wa Emile, akiweka maji mbele ya mzee. "Kila asubuhi ninamukunywesha kama mutoto mudogo. Jirani wakipita dirishani wanachungulia kama iko bado."

"Kwa hiyo baba yangu ni mfungwa," alisema Olga.

"Si mufungwa," mzee alijibu taratibu. "Lakini bila bajomba yako kupokea, mimi niko mutu aliyeacha dada yao kufa. Kila fasi, kila pahali nitapita, nitapita na hilo. Nenda tu, mama. Uwaambie."

*

Ubelgiji ilikuwa imemfundisha Olga kusafiri. Alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na yeye na wenzake wa zamu walikuwa na mchezo wao: tiketi ya ndege ikishuka bei, wanakwenda. Walikwenda Lisbon, wakaenda Praha, wakaenda Athens kula samaki na kuchomwa na jua. Alijua mambo yote ya safari. Mahali usipopajua, kwanza unatazama picha zake, unasoma malalamiko ya waliotangulia, unachagua kitanda. Ukifika, unatua mizigo, unaoga, unakula, halafu ndipo unatoka kupaona. Na tusimwonee wivu. Katika nchi ile ambayo kila siku aliulizwa ametoka wapi, zile safari ndizo zilikuwa siku pekee ambazo wote walikuwa wageni sawasawa.

Ila somo lile lilimnyang'anya kitu bila yeye kuhisi. Alipokuwa msichana hapa Kasongo hakuwa na habari ya mahali. Alikuwa na habari ya watu. Nyangwe alikuwa ni bibi yake aliyekausha samaki kando ya Lualaba. Kindu alikuwa ni shangazi mkali. Kabambare ilikuwa ni kwa wajomba, basi, na ingawa hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja, isingemwingia akilini kusema hapajui. Sasa usiku ule wa kwanza alijilaza kwenye kitanda cha utoto wake, akatafuta Kabambare katika simu, kama alivyoitafuta Athens.

"Hakuna picha hata mbili za maana," alimwambia Emile asubuhi. "Tutalala wapi?"

Emile alikuwa anafunga mizigo kwenye pikipiki. Aligeuka akamtazama vizuri aone kama ni utani.

"Dada, tunaenda kwa mujomba."

"Najua. Nauliza kulala."

"Ndiyo hivyo ninajibu."

Olga hakuridhika. Aliuliza huku na huku mpaka akapata namba ya mama mmoja, Laura, mwenye nyumba ya wageni pale Kabambare, akaweka chumba. Emile alisikia, hakumzuia. Alidhani ni chumba cha baadaye, cha kupumzikia mambo yakiisha. Kosa lake yeye ndilo hilo, na atalijutia.

*

Barabara ya Kasongo kwenda Kabambare haina haja ya kusimuliwa na mimi. Serikali ingeona aibu yenyewe kama ingekuwa na macho. Walipanda pikipiki mbili, kila mmoja na dereva wake. Penye tope walishuka wakasukuma, penye daraja la magogo walishuka wakavuka kwa miguu, na penye kizuizi walishuka wakaombwa chochote.

Kwenye kizuizi kimoja, kijana mwenye kofia ya kiserikali alimtazama Olga kuanzia viatu kwenda juu.

"Passeport, madame."

"Passeport ya nini? Mimi mutoto wa hapa. Mama yangu ni wa Kabambare."

"Wa Kabambare wanapita kila siku, ninawajua. Weye sikujue. Kaa pale ku banc, tutaandika mugeni."

Akakalishwa kwenye benchi, jua kali, mapaja yamekakamaa kwa kukaa kwenye pikipiki, watu wanapita na baiskeli zenye mikungu ya ndizi wakimtazama. Akakumbuka benchi nyingine ya uwanja wa ndege, siku aliyofika Ulaya, alipokalishwa vivyo hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Pale alistahimili kwa kujiambia kwamba si kwao. Hapa hakuwa na neno la kujiambia. Emile alitoa noti mbili, wakapita.

Waliingia Kabambare jua likiwa limeanza kushuka nyuma ya milima. Kwenye njia panda Emile alimwambia dereva wake akunje kushoto, kwa mjomba. Olga akapiga kelele kutoka nyuma.

"Simama! Unakwenda wapi?"

"Kwa mujomba."

"Hivi? Nitazame, Emile." Alikuwa na tope hadi kiunoni, kilemba kimepotea njiani, nywele zimejaa vumbi jekundu. "Watu hawajapata kuniona maisha yao yote. Niwaingilie jioni hivi, nanuka petroli, hawajapika, hawajajiandaa? Hiyo ni adabu gani? Tukaoge, tulale, asubuhi tuende kama watu."

"Dada, tunaleta kifo. Kifo kinaingia kwanza. Sisi kuoga ni nyuma."

"Kifo cha miezi yote hii kitangoja asubuhi moja."

"Hawatafurahi."

"Wakinikuta safi ndio hawatafurahi?"

Alikuwa anasema kwa moyo mweupe kabisa. Kule alikotoka, kumheshimu mtu ni kutomwangukia nyumbani bila taarifa. Unajisafisha, unabisha hodi saa nzuri, unakuja na uso wa kueleweka. Emile alikuwa amechoka, mkubwa ni mkubwa, na chumba kilikuwa kimeshalipiwa. Akafuata.

Laura aliwapokea vizuri. Kulikuwa na maji ya moto kwenye ndoo, shuka safi, jenereta iliyonguruma mpaka saa za kulala. Olga alikula kuku mzima peke yake, maana Emile alikataa kula, akakaa uani na mgongo wake ukutani. Asubuhi ukungu ulikuwa unapanda polepole kutoka mabondeni, milima inatokeza mmoja mmoja, na Olga akasimama barazani na kikombe cha chai akashangaa. Hii ni nzuri kuliko Praha, alisema moyoni. Akapiga picha. Akashuka hadi sokoni akapiga nyingine, ya wanawake na mafungu ya karanga, akawasalimu, wakamsalimu. Picha akazituma kwa wenzake wa zamu. Halafu akavaa kitenge kilichopigwa pasi, akafunga kilemba, akasema sasa twende.

*

Mjomba Clovis alikuwa anamngoja. Hilo Olga aliliona mara moja, na lilimtia moyo: uwanja umefagiliwa, viti vya plastiki vimepangwa, meza ndogo ina kitambaa na chupa ya maji ya dukani. Mzee mwenyewe, mrefu, mwembamba, na macho yale yale ya Célestine, alisimama akampa mkono wa heshima. Mke wake, mama Chimène, alikuwa nyuma yake, kilemba kimefungwa hadi kwenye nyusi. Wazee wengine wawili wa ukoo walikuwa wamekaa kando.

"Karibu, madame. Karibu Kabambare."

Olga akacheka kidogo. "Mujomba, mimi Olga. Mutoto wa Célestine."

"Karibu sana. Kaa. Ulilala muzuri?"

"Nililala vizuri, asante, lakini..."

"Tunasikia pale kwa Laura iko muzuri," alidakia mama Chimène kwa sauti laini. "Maji ya kuoga ilikuwa moto?"

"Ndiyo, mama."

"Na kuku? Ilikuwa na mafuta?"

Emile alikuwa ameinamisha kichwa. Olga akamtazama, akaona kuna jambo, lakini bado hakujua ni nini.

"Umeona Kabambare yetu namna gani?" aliuliza mjomba Clovis. "Tunasikia umepiga picha. Soko ilikupendeza?"

"Ni pazuri. Mujomba, nisikilizeni. Nimetumwa na baba. Nimekuja kuwaambia kama mama..."

Mzee aliinua kiganja. Hakukasirika, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Hapana, madame. Mugeni hatuletee habari ya nyumba. Mugeni anakunywa maji, anatuambia ya safari, anaenda. Célestine ni dada yetu. Tunajua iko Kasongo, aliolewa na Hippolyte. Siku mutoto yake atafika hapa, atatuambia hali yake."

"Mimi ndiye mtoto wake!"

"Mutoto wa Célestine hawezi kupita mulango wa mujomba yake akaenda kulala oteli. Mutoto wa Célestine, kama analeta habari ya kilio, anatuingilia na vumbi yake, na njaa yake, anaanguka hapa." Alionyesha udongo uliofagiliwa. "Weye umekunywa chai. Umezunguka soko. Sasa kama iko kifo umeleta, basi kifo cha dada yetu kimelala oteli, kimekula kuku, kimepiga picha. Sisi hicho hatukijue."

Mmoja wa wazee alikohoa. Mama Chimène aliinama kumwongezea mgeni maji, na alipoinama kilemba kikarudi nyuma kidogo. Olga akaona. Kichwa cha mama yule kilikuwa kimenyolewa, nywele ndiyo kwanza zinaota, za miezi michache. Walikuwa wamelia tayari. Siku ile ya simu walijifungia ndani wakalia, wakanyoa, wakafunga vilemba, wakatoka nje na kusema hawajasikia kitu.

Damu ilimpanda kichwani. Alitaka kusimama na kukivuta kile kilemba mbele ya wote. Badala yake alichukua glasi, akanywa maji kama mgeni, akaaga kama mgeni, na Emile akamfuata nyuma.

*

"Michezo ya kuigiza!" alifoka njiani. "Wanajua! Wanajua kila kitu! Baba anaota ndevu kule, na hawa wananiuliza kuku alikuwa na mafuta?"

"Bado hawajakataa kabisa," alisema Emile. "Mujomba amesema mutoto akifika. Turudi mpaka ng'ambo ya daraja, tukae bila kula, tuingie kwa miguu. Utalia kidogo. Watapokea."

"Nilie kidogo."

"Ndiyo desturi, dada."

Hapo Olga alisimama katikati ya njia, akatoa maneno ambayo Emile hakuwahi kuyasikia kwake. Miaka ile ya kwanza kule, alisema, waliniweka ndani ya chumba na mama mmoja mwenye miwani, nikamweleza kwa nini nimekimbia. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, bila machozi, kwa sababu nilidhani ndivyo mtu mzima anavyoeleza. Wakakataa. Walisema haionekani kama ni kweli. Mwanasheria akaniambia, rudi, ueleze upya, na safari hii usijizuie. Nikarudi, nikalia mbele yao kama walivyotaka, wakanipa karatasi za kukaa. Nikaapa kwamba sitalia tena kwa amri ya mtu.

"Na sasa mjomba wangu mwenyewe ananiambia nitoke niingie upya! Hapana, Emile. Kule mgeni, hapa mgeni. Siigizi tena. Chukua mizigo."

"Na baba?"

"Baba nitamsimamisha mimi mwenyewe. Nitamshika mkono, nitamnyoa, nione nani atakuja kunizuia."

Emile aliuma meno. Alikuwa amevumilia benchi, kizuizi, njaa na chumba cha wageni, sasa alishindwa.

"Weye utapanda ndege," alisema. "Utamunyoa na kupanda ndege."

Wakachukua mizigo kwa Laura, wakapanda pikipiki zao hadi kilimani.

*

Kile kilima kiko nje kidogo ya Kabambare, upande wa barabara ya Kasongo, na kila msafiri husimama pale kwa sababu ndipo simu inaposhika. Mawingu yalikuwa yamejikusanya meusi. Emile alimpigia Léocadie, akaeleza kwa maneno machache, kisha Olga akampokonya simu.

"Mupe baba."

Ilichukua muda. Mzee hashiki simu, Léocadie alikuwa anamshikia sikioni.

"Baba, tunarudi. Wamekataa. Lakini usijali, nikifika unasimama. Mimi ni mtoto wa kwanza, nasema yameisha."

Kule ng'ambo kuku walisikika uani.

"Walikataa ju ya nini?" aliuliza mzee.

"Kwa sababu tulilala hotelini. Kwa kitu cha kijinga kama hicho!"

"Mulilala oteli na kifo ya mama yako mukononi."

"Baba!"

"Sikukaripie. Weye hukujua tena. Lakini sikia, mama. Mimi sitasimama. Ukinishika mukono nitakunyima. Weye uko na fasi ya kwenda. Mimi fasi yangu ni hapa, na hawa batu ndio batu wangu, wabaya ao wazuri. Nilikaa na dada yao miaka yote ile. Sitaki waseme nilitoroka kilio chake. Nitakaa."

"Utakaa mpaka lini?"

"Nitakaa tu." Halafu sauti yake ikashuka. "Miguu inaniuma, hiyo ni kweli."

Simu ikakatika. Olga alibaki ameishika. Katika nyumba ile ya wazee kule Ubelgiji, mtu akilalamika miguu, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa amekanda miguu ya watu wasiomjua hata kwa jina, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka. Akatazama chini bondeni, kwenye mabati na nyasi za Kabambare, ile ile aliyoipiga picha asubuhi, na safari hii hakuona milima wala ukungu. Aliona paa moja tu, la mjomba Clovis, na akalichukia.

"Geuza," alimwambia dereva.

"Mvua inaanza, mama. Ule muteremko pikipiki haiwezi."

Olga hakubishana. Alishuka, akaanza kwenda kwa miguu. Emile akamwita, akauliza kama anakwenda kufanya ile desturi. "Ninaenda kugombana!" alijibu bila kugeuka, na Emile akaacha pikipiki akamkimbilia.

*

Mvua iliwakuta katikati ya mteremko. Viatu vya Olga vilinasa, akavivua, baadaye akavitupa kabisa. Alianguka mara moja kwa magoti na mara moja kwa mikono. Kwenye nyumba ya wageni Laura alimwona kutoka barazani, akamwita ajifiche mvua, Olga akapita. Sokoni wanawake walikuwa wamejibanza chini ya mabanda, wakasimama kumtazama yule yule wa asubuhi.

Mjomba Clovis alikuwa barazani kwake, kwenye kiti. Mama Chimène alikuwa anakinga maji ya mvua kwa sufuria. Olga aliingia hadi katikati ya uwanja, akasimama kwenye maji.

"Célestine amekufa!" alipiga kelele. "Umesikia, mujomba? Dada yako amekufa! Na mulijua! Mulijua tangu siku ile! Mama Chimène amenyoa kichwa, nimekiona! Mulifunga mulango, mukalia vizuri, kila mutu na mwenzake, mukamaliza. Kisha mukaacha baba yangu ku mukeka kama mutu aliyeiba!"

Mzee alifungua mdomo.

"Bado sijamaliza! Munasema sikufika. Nitafika namna gani? Mimi nilikuwa ndani ya bisi, nimesimama, hata kiti sikuwa nacho, simu ikalia, Emile akaniambia. Nilishuka bisi nikaenda ku kazi. Niliosha mama ya batu, mujomba! Siku mama yangu anaoshwa na jirani, mimi nilikuwa naosha mama ya batu, ninamwambia inua mukono, geuka, polepole. Hakuna mutu aliyeniambia pole. Niliwaambia kwa Kifaransa ju ya kupata likizo, wakaandika, basi. Sijamuambia mutu mwingine. Weye ndiye wa kwanza. Mama amekufa. Mama..."

Aliposema hivyo, kwa maneno ya kwao, neno lilimgeukia. Alikuwa hajawahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Akaketi pale pale kwenye tope, na sauti iliyomtoka hakuitambua.

Sufuria ya mama Chimène ilianguka. Alikuja mbio mvuani, amekwisha kukivua kilemba, akamwangukia Olga, akamkumbatia kichwa chenye tope, naye akalia kwa sauti kubwa, na kutoka nyumba za jirani wanawake wakaanza kuitikia. Mjomba Clovis alishuka kwenye kiti chake akakaa chini, kwenye udongo, mzee mzima, akajifunika uso. Emile alikuwa ameegemea nguzo ya baraza na analia kama siku ya maziko. Hakuna aliyemletea Olga kiti.

Mvua ilipungua. Ilikuwa bado mchana. Mjomba Clovis alijifuta uso kwa shati, akakohoa, na sauti yake ya mkuu wa ukoo ikaanza kumrudia.

"Basi, tumesikia. Kifo kimefika. Sasa tutaita wakubwa wa Wamaza, batu yetu, tutatafuta mbuzi, kuna mambo ya kupanga. Juma inakuja, ao ile ingine, tutateremka Kasongo kumunyoa Hippolyte."

Olga aliinua kichwa kutoka kifuani mwa mama Chimène. Macho yalikuwa yamevimba, sauti imekauka, lakini hasira ilikuwa haijamtoka hata kidogo.

"Juma inakuja?"

"Ndiyo desturi, mupwa wangu."

"Mujomba, asubuhi uliniita madame, nikakunywa maji nikaenda. Sasa unaniita mupwa. Kama niko mupwa, ninasema. Baba yangu miguu inamuuma. Hatangoja Wamaza, hatangoja mbuzi. Mutakuja na wembe tu, na mutakuja leo."

"Leo? Na barabara hii? Mimi mutu muzee, mvua..."

"Nimetembea ndani yake."

Mjomba Clovis akawageukia wale wazee wawili, waliokuwa wamefika kwa kilio na wamesimama pembeni. Nao wakatazama kwingine. Kisha akamtazama mkewe. Mama Chimène alikuwa bado amekaa kwenye tope, kichwa wazi, machozi yanamtiririka.

"Umesikia mutoto," alisema.

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na mabuti ya mvua ya mumewe, akayaweka mbele yake.